Jasho, Bahati na Jina la Baba: Staa Hutokaje?

Mwaka 2001, katika kijiji cha Kapsisiywa huko Nandi, Kenya, kijana wa miaka 16 alimwendea jirani yake kumwomba programu ya mazoezi ya mbio. Jirani akampangia ya wiki mbili. Wiki mbili zilipokwisha kijana akarudi kuomba nyingine, kisha nyingine tena. Jirani huyo alikuwa Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, aliyewahi kusoma Marekani kwa ufadhili wa riadha. Kijana alikuwa Eliud Kipchoge.

Anayetaka kuisoma habari hii kama ushahidi wa juhudi ataupata tele. Kipchoge alilelewa na mama peke yake, alikwenda shule kwa miguu, alikusanya maziwa ya majirani na kwenda kuyauza. Kila aliporudi kwa Sang hakuna aliyemsukuma. Hata baada ya kuwa tajiri na kujulikana dunia nzima aliendelea kuishi kambini Kaptagat siku za wiki, akisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake.

Anayetaka ushahidi wa bahati naye ataupata. Ni vijiji vingapi duniani ambavyo mshindi wa medali ya Olimpiki ni jirani wa kupigiwa hodi? Mama yake Kipchoge, mwalimu wa chekechea, hakuwa mgeni kwa Sang. Kijiji chenyewe kiko kwenye nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na mapafu ya mtoto hukomaa bila mwenyewe kujua.

Ndiyo maana ubishi huu hauishi vijiweni. Staa akionyesha nyumba mpya na kusema "jitumeni, mimi nilianza na sifuri", nusu ya watu watampigia makofi na nusu watauliza nani alimbeba. Kila upande una mifano yake, na kila upande unaona mifano ya mwenzake ni uzushi. Mimi naamini swali lenyewe limekaa vibaya. Juhudi, bahati na upendeleo wa kuzaliwa si vitu vinavyogawana asilimia mia, kwamba kimoja kikiongezeka kingine lazima kipungue. Kila kimoja kina kazi yake. Juhudi humfanya mtu astahili. Upendeleo huamua ataruhusiwa kujaribu mara ngapi kabla njaa haijamrudisha nyumbani. Bahati huchagua, kati ya wanaostahili waliobaki, nani atajulikana.

Na si ubishi wa kupotezea muda. Kijana akiaminishwa kwamba kila aliyetoboa alitoboa kwa jasho tu, siku asipotoboa yeye atajihukumu kuwa ni mvivu. Akiaminishwa kwamba wote wamebebwa, hatajaribu kabisa. Nimewaona vijana wa aina zote mbili, na wote wanaumia kwa jambo ambalo lingeweza kuelezwa vizuri zaidi.

Saa haina koneksheni

Anza na riadha, kwa sababu ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Saa ya mwamuzi haijui baba yako ni nani. Mwaka 2003 mjini Paris, Kipchoge akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mbele ya Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Alimpita El Guerrouj kwa sekunde 0.04. Hakuna mjomba anayeweza kukuombea sekunde hizo kwa mtu.

Lakini zitazame tena. Ni mbio za zaidi ya dakika kumi na mbili, zimeamuliwa na sehemu ndogo ya sekunde ambayo mtu hawezi kupepesa jicho ndani yake. Wote wawili walikuwa wamejituma kwa kiwango ambacho mimi na wewe hatuwezi kukifikiria. Mmoja akawa bingwa wa dunia akiwa bado kinda, mwingine akawa wa pili. Jasho liliwafikisha wote mstari wa mwisho. Kilichowatenganisha pale ni kidogo mno kukiita tofauti ya jasho.

Mwaka 2012 Kipchoge alishindwa kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kwa mkimbiaji wa miaka 27 wa mbio za uwanjani, hiyo ilikuwa dalili mbaya. Akahamia marathoni, akashinda ya kwanza yake mjini Hamburg mwaka 2013, na yaliyofuata kila mtu anayajua: dhahabu ya Rio mwaka 2016, dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, na marathoni aliyoimaliza kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwezi Oktoba 2019. Kufeli kule ndiko kulikompeleka kwenye mbio zake hasa. Hakukupanga. Ila wakati anafeli alikuwa tayari na kocha, na meneja, na kambi, na fedha za miaka kumi ya mashindano. Mkimbiaji mwenzake aliyefeli siku ileile bila hivyo vyote alirudi kulima, na sisi hatujui jina lake. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo kiini cha habari nzima.

Mpira uko wazi pia, lakini si kama saa. Kura ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2011 iliwakutanisha Simba na TP Mazembe ya Lubumbashi, mabingwa watetezi. Simba walifungwa nyumbani na ugenini. Ila kijana wao wa miaka 18, Mbwana Samatta, aliwavutia Wakongo, na mwaka huohuo wakamsajili. Mazembe wakati ule ilikuwa klabu yenye fedha na uzoefu wa kimataifa ambao hakuna timu ya Tanzania iliyokuwa nao. Mwaka 2015 akatwaa nayo ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akapokea tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, mwezi huohuo akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Kila hatua hapo ina kazi ya mtu. Mabao hayafungwi kwa dua. Lakini kura ile ingewapa Simba mpinzani mwingine, timu ndogo isiyo na fedha za kununua mtu, Samatta angeweza kucheza vizuri vilevile mbele ya watu wasio na uwezo wa kumchukua. Wangapi walicheza vizuri namna hiyo, mwaka mwingine, kwenye kura nyingine?

Kuna bahati nyingine ambayo haionekani hata na mwenyewe. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley alichunguza wachezaji wa hoki ya barafu nchini Kanada, akakuta waliozaliwa Januari hadi Machi ni wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka. Sababu haikuwa nyota wala mwezi. Timu za watoto zilipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari anacheza na mtoto wa Desemba ambaye ni mdogo kwake kwa karibu mwaka mzima, na kwa watoto wa miaka tisa huo ni mwili mwingine kabisa. Kocha anamwona mkubwa, anadhani ana kipaji, anamchukua. Akishachukuliwa anapata mazoezi zaidi, mechi zaidi, walimu bora. Baada ya miaka kumi anakuwa kweli ni bora. Hakuna aliyedanganya. Mtoto amejituma kikweli, na ubora wake ni wa kweli. Ila nafasi ya kujituma alipewa na tarehe ya kuzaliwa. Mfumo huohuo umekuja kuonekana kwenye akademi za soka za Ulaya. Hivi ndivyo bahati inavyofanya kazi mara nyingi: haichukui nafasi ya juhudi, inaipa mahali pa kukulia.

Muziki hauna saa

Ukitoka uwanjani ukaingia kwenye muziki, kipimo kinapotea. Nani aseme wimbo huu ni bora kuliko ule kwa sekunde ngapi? Na pale kipimo kinapolegea, ndipo jina, fedha na kelele za umati zinapopata nguvu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote kuhusu jambo hili lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Matthew Salganik na Duncan Watts, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walichukua nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakaziweka kwenye tovuti, na watu zaidi ya 14,000 wakaja kusikiliza na kupakua walizozipenda. Kundi moja lilisikiliza bila kujua wengine wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa kwenye makundi manane yasiyoonana, na kila kundi lilionyeshwa idadi ya mara ambazo kila wimbo umepakuliwa ndani ya kundi hilo tu. Nyimbo zilezile, wasikilizaji wa aina ileile, dunia nane zilizoanza sifuri.

Kama ubora ndio unaoamua, nyimbo zilezile zingeshinda kote. Hazikushinda. Wimbo mmoja ulikuwa wa kwanza kwenye dunia moja na wa 40 kwenye nyingine. Watu wachache wa mwanzo walipobonyeza kitu fulani, waliofuata wakaona namba, wakabonyeza hapohapo, na namba ikazaa namba. Hata hivyo kuna upande wa pili wa matokeo haya ambao watu hupenda kuuruka: nyimbo zilizokuwa bora kabisa ni nadra sana kushika mkia, na mbovu kabisa ni nadra sana kushika usukani. Ubora uliweka mipaka. Ndani ya mipaka hiyo, kwa nyimbo nyingi za katikati, chochote kiliweza kutokea.

Msanii yeyote wa Dar au Nairobi anajua hili bila kusoma utafiti. Ndiyo maana wimbo ukitoka, saa 24 za kwanza ni vita. Marafiki wanaombwa waangalie video, mashabiki wanahimizwa wasambaze, wengine wananunua watazamaji wa uongo, na kwenye baadhi ya vituo kuna mtu wa kupewa "ya soda" ili wimbo upigwe. Wote wanagombania namba za mwanzo, kwa sababu wanajua namba za mwanzo huvuta za mwisho. Na namba za mwanzo zinanunulika.

Hapo ndipo fedha inapoingia, na inaingia kwa namna isiyoonekana kwa urahisi. Chukua vijana wawili wa Dar es Salaam wenye sauti sawa. Wa kwanza anakaa Mbagala, anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu. Siku ya studio hakuna hesabu, kwa hiyo amekopa. Anafika saa kumi alasiri kama alivyoambiwa, anakuta msanii mwenye jina ameingia kabla yake, anakaa kwenye benchi la nje mpaka saa tano usiku. Akiingia kwenye kibanda cha kurekodia koo limekauka na kichwani anapiga mahesabu ya kurudi nyumbani. Anaimba ubeti mara tatu. Prodyuza anatazama saa: "Imetosha bro, tutairekebisha kwenye miksi." Huo ndio wimbo wake. Hana wa pili mpaka alipe deni la wa kwanza, na video asahau.

Wa pili anakaa Mbezi Beach kwa wazazi. Anaweka sauti, haimpendezi, anarudi Jumatano. Wimbo wa kwanza haufiki popote, wa pili vilevile, wa tatu unachekwa. Anabadilisha prodyuza, anajifunza kuandika, anagundua kwamba sauti yake inakaa vizuri kwenye midundo ya taratibu. Wa saba unashika. Akihojiwa anasema: "Sikukata tamaa." Na ni kweli tupu, alipambana. Lakini mwenzake wa Mbagala hakukata tamaa pia. Aliishiwa.

Kwa mtazamo wangu huu ndio upendeleo mkubwa kuliko wote, ukubwa unaozidi hata kujuana na mkurugenzi wa redio: ruhusa ya kukosea. Kipaji hakitoki tumboni kikiwa kimeiva. Kinaiva kwa kufanya vibaya mara nyingi, na kila kufanya vibaya kuna mtu anayelipia chakula, chumba na nauli. Tunapouliza kama staa fulani alibebwa, tunamtafuta mtu aliyepiga simu. Tungeuliza nani alilipa kodi ya nyumba katika miaka ile ya nyimbo zilizokufa, tungepata majibu yenye maana zaidi.

Mwana wa mhunzi

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Zuchu, yaani Zuhura Othman Soud, ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarabu ambaye sauti yake imetikisa kumbi tangu Zanzibar mpaka bara. Zuchu alipotambulishwa na lebo ya WCB ya Diamond Platnumz mwezi Aprili 2020, wengi walisema ni jina la mama. Sikubaliani nao, wala sikubaliani na wanaosema jina la mama halikuhusika.

Mtoto anayekulia kwenye nyumba ya mwimbaji wa taarabu anapata vitu ambavyo haviuzwi. Anasikia namna ya kushikilia pumzi kabla ya neno zito. Anajua mafumbo, anajua jinsi mwanamke anavyoingia ukumbini na kuwafanya watu mia mbili wanyamaze. Zaidi ya yote anajua kwamba kuimba ni kazi, kwamba mtu mzima wa heshima anaweza kuondoka nyumbani jioni kwenda kuimba na akarudi na riziki. Watoto wengi wenye vipaji walichapwa kwa kutaka hilohilo. Baada ya hapo kuna lebo yenye studio, wapiga picha, na mashabiki waliokwisha kukusanywa. Lakini yeye mwenyewe alikaa miaka kadhaa ndani ya lebo akinolewa bila kujulikana, na nyimbo zilipotoka alibaki pale juu kwa muda ambao jina la mama pekee lisingemweka. Watoto wa wasanii wakubwa waliojaribu muziki na kusahaulika ndani ya mwaka mmoja ni wengi, na sioni haja ya kuwataja.

Diamond mwenyewe, jina lake halisi Naseeb, ni kisa cha upande wa pili. Alikulia Tandale kwa mama, aliuza mitumba, alifanya vibarua, na wimbo wake "Kamwambie" ndio uliomtoa na kumpa tuzo tatu za muziki za Kili mwaka 2010. Sijui mtu anayepinga kwamba Naseeb anafanya kazi. Ila alifika wakati gani? Alifika wakati simu zenye intaneti zinaanza kuingia mikononi mwa watu wa kawaida na video za YouTube zinaanza kuvuka mipaka bila kuomba ruhusa ya kituo chochote. Remiksi ya "Number One" aliyoifanya na Davido wa Nigeria ilimfungulia Afrika Magharibi. Miaka kumi na tano nyuma, juhudi zilezile zingeishia kwenye kaseti za Kariakoo.

Naye akishafika akawa bahati ya wengine. Harmonize, kijana wa Mtwara, alijaribu shindano la Bongo Star Search na hakufika mbali. Mwaka 2015 akawa msanii wa kwanza wa WCB. Kijana yuleyule, sauti ileile. Majaji walimpitisha pembeni, mtu mmoja mwenye mlango akamfungulia. Kama asingekutana na mtu huyo, leo tungekuwa na ushahidi gani kwamba alikuwa na kipaji?

Kwenye filamu kipimo kimelegea hata kuliko muziki, kwa sababu mwigizaji hawezi kuigiza peke yake chumbani akapeleka kazi sokoni. Lazima achaguliwe. Hollywood imejaa koo: Nicolas Cage alizaliwa Coppola, mtoto wa kaka yake mwongozaji Francis Ford Coppola, akabadilisha jina ili asionekane amebebwa na baba yake mdogo. Kwetu sisi mfano unaofaa zaidi ni Lupita Nyong'o. Usiku wa Machi 2, 2014, akipokea Oscar, alisema kwamba popote utokapo ndoto zako ni halali. Maneno yale yaliwagusa mamilioni, mimi nikiwemo, na sitaki kuyapunguzia uzito. Lakini Lupita ni binti wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o, msomi aliyekuja kuwa waziri, na sasa gavana wa Kisumu. Alisoma shule nzuri Nairobi, akasoma vyuo vya Marekani, akamalizia Shule ya Maigizo ya Yale mwaka 2012. Filamu kubwa ya nje ilipopigwa Kenya, yeye alipata kazi ndogo nyuma ya kamera na kukutana na waigizaji wakubwa ana kwa ana.

Wakati huohuo, alizaliwa Mexico kwa sababu baba yake alikuwa uhamishoni kwa siasa zake. Familia ile ililipia msimamo wake. Na alipopata nafasi ya Patsey kwenye filamu ya 12 Years a Slave, iliyompa Oscar hiyo, ni baada ya usaili uliopitia waigizaji wengi mno, na alichokifanya mbele ya kamera hakuna waziri aliyekifanya kwa niaba yake. Ukimwita mtoto wa kishua aliyebebwa, umesema uongo. Ukimwita msichana wa Afrika aliyetoka patupu, umesema uongo mwingine, na huu wa pili una madhara zaidi, kwa sababu msichana wa Nyakach asiye na pasipoti ataulinganisha mwendo wake na wa Lupita na kujiona hana akili.

Laki moja mlangoni

Robert Frank, mchumi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliwahi kufanya hesabu moja kwa kompyuta ambayo inaumiza kichwa mara ya kwanza. Fikiria mashindano ambayo asilimia 98 ya ushindi inatokana na uwezo na juhudi, na asilimia 2 tu ni bahati. Washindani ni 100,000. Utadhani aliye bora ndiye atakayeshinda karibu kila mara. Hesabu zinaonyesha kinyume: mara nyingi mshindi si yule mwenye uwezo mkubwa kuliko wote. Kwa nini? Kwa sababu katika watu laki moja, walio karibu na kilele cha uwezo ni wengi sana, wanabanana, na tofauti kati yao ni ndogo. Kati ya hao waliobanana, atakayeshinda ni aliyepata pia ile asilimia 2.

Angalia hesabu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Mshindi ni mtu mwenye uwezo wa juu kabisa. Mvivu hayumo hata kwenye elfu ya kwanza. Na mshindi karibu kila mara ni mwenye bahati. Kadiri washindani wanavyozidi, ndivyo bahati inavyozidi kuwa na neno la mwisho, hata kama sehemu yake ni ndogo. Wenzetu wa zamani hawakuwa na kompyuta lakini walisema juhudi si pato, na jitihada haiondoi kudura.

Sasa ongeza kwamba tunaowasikia ni walioshinda tu. Hakuna anayemwalika redioni mtu aliyeamka saa kumi usiku kwa miaka minane na hakutoboa, aje atueleze siri ya kutotoboa. Tungemwalika, tungegundua siri zake ni zilezile: aliamka mapema, aliamini, hakusikiliza waliomkatisha tamaa. Ushauri wa mastaa hauna uongo ndani yake. Umekosa tu nusu ya mashahidi.

Na mastaa wenyewe hawasahau bahati yao kwa kiburi, au tuseme si wote. Wanasaikolojia Shai Davidai na Thomas Gilovich walieleza mwaka 2016 kwamba mwanadamu hukumbuka vikwazo kuliko misaada, kama mwendesha baiskeli ambaye upepo wa mbele haumtoki akilini dakika hata moja, ila ukigeuka ukawa wa nyuma anaufurahia kidogo kisha anausahau na kudhani ni miguu yake. Msanii anakumbuka usiku aliolala na njaa, na ana haki ya kuukumbuka. Kaka aliyempa chumba cha kulala miaka miwili anamkumbuka pale anapoulizwa. Kwa hiyo aulizwe. Watangazaji wetu wana kawaida ya kuuliza "ulipitia magumu gani?" na kuishia hapo.

Mwaka uliozaliwa

Kuna bahati moja ambayo hata mtoto wa tajiri hawezi kununuliwa: zama. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikuwa gwiji wa gitaa na sauti ambaye mpaka leo hajapata mrithi, akafariki kwa ajali ya gari Januari 1979. Kizazi chake kilirekodi zama za redio moja ya taifa. Nyimbo zilipigwa nchi nzima kwa miongo, watu wakaoa na kuzika kwazo, na wengi wa waliozipiga walizeeka bila mali. Hawakuwa na uvivu wala upungufu wa kipaji. Walizaliwa kabla ya redio binafsi za miaka ya 1990, kabla ya sheria ya hakimiliki ya 1999, kabla ya namna yoyote ya msanii kuuza kazi yake moja kwa moja kwa msikilizaji.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, mtoto wa wafinyanzi maskini, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alitembeza vyungu akinadi kwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemfundisha taarabu wakati ambapo taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, kwa sababu kampuni ya santuri ilikuwa imeanza kutafuta soko la Afrika Mashariki. Angezaliwa miaka thelathini kabla, sauti ileile ingekufa na waliomsikia. Na kama Muhsin Ali angemwona ni mwanamke wa shamba tu asiye na hadhi ya kufundishwa, hali kadhalika.

Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu yenye nyimbo za bibi huyo. Jina ambalo mfinyanzi wa Fumba alilipigania mtaani limekuwa mlango unaofunguliwa kwa wajukuu zake, na mimi sioni ubaya wowote hapo. Bahati ya kizazi kimoja ikitunzwa huwa urithi wa kinachofuata. Kinachonisumbua ni mtoto wa Fumba wa leo ambaye hana ukoo huo.

Kwa ajili ya mtoto kama huyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa Zanzibar chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy (DCMA), kilichokaa kwa miaka mingi kwenye jengo la zamani la forodha pale Mji Mkongwe. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna udi wala fidla anakwenda pale, anakishika chombo, anakipiga vibaya, anarudi kesho kukipiga vibaya kidogo kuliko jana, na mwalimu anamvumilia. Ni ileile ruhusa ya kukosea, safari hii bila kuwa na baba wa Mbezi Beach. Chuo hicho kimewahi kukaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Kikifungwa, udi na fidla havitatoweka Zanzibar. Vitabaki kwenye nyumba zilizokuwa navyo tangu zamani, na watoto wa nyumba hizo ndio watakaosifiwa kwamba walijituma.